Hoja, Hisia na Itibari: Namna Matini na Picha Zinavyoshawishi katika Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

Utangulizi

Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi nchini Kenya ilitoa uamuzi kuhusu malalamiko ya Wakipsigis na Watalai wa kaunti za Kericho na Bomet. Tume ilikubali kwamba jamii hizo zilidhulumiwa katika enzi za ukoloni, pale ardhi yao ilipotwaliwa na sehemu yake kugeuzwa mashamba makubwa ya chai. Miongoni mwa mapendekezo yake ni kwamba serikali ya Uingereza iombe radhi, na kwamba mashamba hayo yapimwe upya ili ijulikane kama kuna ardhi ya ziada inayoweza kushikiliwa kwa niaba ya jamii. Kampuni za chai zilipinga uamuzi huo mahakamani. Walalamikaji nao walikwisha kupeleka kilio chao mbele ya wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa, na mnamo Agosti 2022 wakaufikisha katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Mgogoro huu ni wa ardhi, lakini pia ni mgogoro wa maneno na picha. Kila upande umeleta mashahidi wake: hati za kukodisha ardhi, sheria za kikoloni, takwimu, kumbukumbu za wazee, hotuba za viongozi, filamu za uchunguzi na matangazo ya biashara. Msomaji anayezipokea matini hizi hukubali baadhi na kukataa nyingine, mara nyingi bila kujiuliza ni kitu gani hasa kilichomfanya akubali. Makala haya yanadhamiria kuonyesha jinsi ushawishi unavyofanya kazi katika matini na picha zinazohusu nchi ya chai, kwa kutumia nguzo tatu za balagha: hoja, hisia na itibari. Mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye amezoea kuhakiki riwaya na mashairi, anazo tayari zana za kuhakiki hati ya serikali na pakiti ya majani chai. Kinachotakiwa ni kuzitumia.

Nguzo Tatu za Ushawishi

Mgawanyo unaotumiwa hapa una asili yake katika kazi ya Aristotle kuhusu balagha, ambamo mwanafalsafa huyo wa Kiyunani alieleza kwamba hotuba hushawishi kwa njia tatu. Kuna ushawishi unaotokana na tabia ya msemaji jinsi inavyojitokeza katika usemi wake, ushawishi unaotokana na hali ya moyo ambayo msikilizaji hutiwa, na ushawishi unaotokana na hoja zenyewe. Wayunani waliziita ethosi, pathosi na logosi. Kazi hiyo ilifasiriwa kwa Kiarabu na kufafanuliwa na wanazuoni kama vile Al-Farabi na Ibn Rushd. Si ajabu basi kwamba msamiati wa Kiswahili katika uwanja huu una mizizi ya Kiarabu: maneno balagha, hotuba na hatibu yanatokana na lugha hiyo.

Katika makala haya logosi inaitwa hoja, pathosi inaitwa hisia, na ethosi inaitwa itibari. Neno itibari limeteuliwa kwa makusudi. Uaminifu ni sifa ya mtu aliye mkweli, ilhali itibari ni ile hali ya mtu kuaminiwa na wengine, awe mkweli au asiwe. Tofauti hii ni muhimu, kwa kuwa mtu mwaminifu anaweza kukosa itibari, na laghai anaweza kuwa nayo tele.

Fasihi ya Kiswahili inazifahamu nguzo hizi tangu zamani. Watunzi wengi wa tenzi walifungua kazi zao kwa kumtaja Mungu na kujidhili, na katika beti za mwisho wakajitaja majina, nasaba na mwaka wa utunzi. Huko kulikuwa kujenga itibari. Malumbano ya washairi nayo yalidai hoja ijibiwe kwa hoja, huku vina na mizani vikibeba hisia. Jambo jipya kwa msomaji wa leo ni aina za matini anazokumbana nazo.

Hoja: Hati, Takwimu na Dai Lililofichwa

Hoja yenye nguvu zaidi ya upande wa mashamba makubwa ni hati. Sheria ya Ardhi ya Taji, iliyopitishwa mwaka 1902 na kufuatiwa na ile ya 1915, iliipa serikali ya kikoloni mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi. Sheria ya 1915 iliruhusu ardhi kukodishwa kwa miaka 999, tena ikaijumuisha ardhi iliyokaliwa na wenyeji katika milki ya dola. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia sehemu ya ardhi ya Kericho ilitengewa maafisa wa jeshi la Uingereza waliopata ulemavu vitani. Mradi huo ulipofifia, kampuni za chai zilichukua nafasi, na katika miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay zikaanza kupanda chai kwa upana.

Mtiririko wa hoja hapa ni mwepisi: hati imetolewa na serikali, kampuni inayo hati, kwa hiyo kampuni inaimiliki ardhi kihalali. Aristotle alibainisha kwamba katika hotuba dai moja la hoja mara nyingi huachwa bila kutamkwa, kwa sababu msikilizaji hulijaza mwenyewe. Dai lililofichwa hapa ni kwamba aliyetoa hati alikuwa na haki ya kutoa kile alichokitoa. Likitamkwa waziwazi, dai hilo linageuka kuwa swali lenyewe linalobishaniwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iligusa muundo huu iliposema kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi kwa zaidi ya miaka 99, na kwamba muda wowote uliozidi hapo uchukuliwe kuwa miaka 99. Miaka 999, ambayo kwa karibu karne nzima ilisomwa kama ukweli wa kisheria, ilipunguzwa kwa ibara moja tu.

Hoja ya walalamikaji nayo ina dai lake lililofichwa. Inaposemwa kwamba mababu waliishi hapa, kwamba waliondolewa kwa nguvu, na kwamba kwa hiyo ardhi irejeshwe, huwa imechukuliwa kwamba inajulikana ni nani hasa atakayerejeshewa, na kwa misingi gani. Je, ni uzao wa walioondolewa, kaunti au jamii nzima? Na familia za wafanyakazi kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi, ambazo zimezaliwa na kulelewa katika kambi za mashamba kwa vizazi kadhaa, zitakuwa na nafasi gani? Kuuliza maswali haya hakupunguzi uzito wa dhuluma. Kunaimarisha hoja, kwa kuwa hoja iliyojibu maswali yake yenyewe huwa vigumu kuipangua.

Takwimu ni tawi la hoja linalohitaji uangalifu wa pekee. Katika maandishi kuhusu mgogoro huu msomaji hukutana na idadi mbili. Ya kwanza ni ya watu zaidi ya 115,000. Ya pili, iliyotajwa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2021, ni ya watu zaidi ya nusu milioni. Msomaji wa haraka atadhani kwamba mmojawapo anatia chumvi. Ukweli ni kwamba idadi hizo zinahesabu vitu tofauti: ya kwanza ni ya waliojiorodhesha katika malalamiko, na ya pili inakusudiwa wote wa eneo la Kericho waliopatwa na ukiukaji wa haki. Takwimu isiyosema inahesabu nini haijawa hoja bado.

Mfano mwingine unatoka kwa wakulima wadogo wanaouza majani yao kupitia viwanda vinavyosimamiwa na KTDA. Bei ya chai katika mnada wa Mombasa hutolewa kwa dola kwa kila kilo, na malipo ya mkulima hutolewa kwa shilingi kwa kila kilo. Ni rahisi kuziweka bei hizo sambamba na kuonyesha pengo la kutisha. Lakini kilo ya mnadani ni ya chai iliyokwisha kukaushwa, na kilo ya mkulima ni ya majani mabichi yaliyopimwa kwenye kituo cha kununulia. Huhitajika takribani kilo nne hadi tano za majani mabichi ili kupata kilo moja ya chai kavu. Anayelinganisha bila kutaja uwiano huo anapotosha, hata kama kila tarakimu aliyoitaja ni sahihi. Kwa upande wa pili, anayetaja uwiano huo peke yake na kunyamazia gharama za kiwanda, usimamizi na uchukuzi zinazokatwa njiani, naye anaficha. Mkulima anayedai maelezo ya bonasi yake anadai hoja kamili, na hiyo ni haki yake.

Hisia: Baina ya Kovu na Huzuni

Mnamo mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria mahususi ya kuwaondoa Watalai wa Kipsigis, ukoo wa viongozi wa kiroho, na kuwahamishia Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, katika eneo ambalo leo limo ndani ya Kaunti ya Homa Bay. Watu wa milima yenye baridi walipelekwa kwenye nchi ya joto, malaria na mbung'o. Wazee kwa watoto walikaa huko kwa takribani miongo mitatu. Simulizi za safari hiyo na za waliozikwa Gwassi ndizo kiini cha ushuhuda wa Watalai hadi sasa.

Simulizi hizi hugusa moyo, na kwa sababu hiyo kuna wanaozitilia shaka wakidai kwamba hisia si ushahidi. Dai hilo si sahihi. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wahenga, na kovu ni ushahidi wa jeraha. Hisia inayotokana na tukio la kweli, na inayolingana na uzito wa tukio hilo, ni sehemu ya ukweli wenyewe. Aidha, ushuhuda wa wazee wa Kipsigis haukosi mpangilio wa kihoja. Jamii hii ina marika yanayofuatana kwa utaratibu maalumu, kama vile Maina, Chumo, Sawe na Korongoro, na mzee anaposema kwamba jambo lilitokea wakati rika fulani likiwa jandoni, anatoa tarehe inayoweza kupimwa na kulinganishwa na ushuhuda wa wengine. Asiyeujua utaratibu huo atasikia kilio tu. Anayeujua atasikia pia kalenda.

Hata hivyo, ngoma ikilia sana hupasuka. Hisia inaweza kuzidishwa hadi ikachukua mahali pa hoja. Msemaji wa kisiasa anayetaja machozi ya akina mama wa Gwassi katika kila mkutano, pasipo kueleza ni hatua gani imechukuliwa tangu mkutano uliopita, anayatumia machozi hayo kama mtaji. Kipimo kinachofaa ni kuuliza: baada ya hisia hii, msikilizaji anatakiwa kutenda nini, na je, kitendo hicho kina uhusiano na tukio lililomhuzunisha?

Kipimo hicho hicho kinaweza kutumiwa kwa wenye mamlaka. Mfalme Charles wa Tatu alipozuru Kenya mwaka 2023, alizungumza katika dhifa ya taifa jijini Nairobi usiku wa tarehe 31 Oktoba. Alikiri kwamba Wakenya walitendewa ukatili usioweza kuhalalishwa wakati wa harakati za uhuru, na akaeleza huzuni na majuto makubwa. Hakuomba radhi rasmi. Kiswahili kinatusaidia kuona pengo hilo, kwa kuwa kina ngazi zake: kusikitika, kujuta, kukiri, kuomba radhi na kulipa fidia. Mtu anaweza kusikitikia jambo ambalo hakulitenda, kama vile msiba wa jirani. Anayeomba radhi anakiri kwamba kosa ni lake. Kusikitika ni hisia. Kuomba radhi ni tendo linalofungua mlango wa madai. Hotuba ile ilitoa hisia kwa ukarimu na kulisitisha tendo, na waliokuwa wakingoja Kericho waliifahamu tofauti hiyo bila kufundishwa balagha.

Itibari: Nani Anaaminiwa, na kwa Nini

Mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii ni somo zima la uhakiki wa vyanzo. Kila chanzo kina mwenyewe, na mwenyewe ana maslahi. Kuwa na maslahi si kuwa mwongo. Wachunaji wa majani chai wanaposimulia hali ya kazi yao wana maslahi, na vilevile mwajiri. Msomaji anapaswa kuyajua maslahi hayo kabla ya kupima neno.

Hati za kikoloni ni mfano mzuri wa chanzo chenye itibari kubwa kuliko stahili yake. Zimepigwa chapa, zina tarehe na sahihi, nazo zimehifadhiwa katika makavazi. Lakini tazama majina yaliyomo. Wakipsigis waliitwa Lumbwa, jina ambalo wenyewe hawakujiita, na kituo cha reli kinachojulikana leo kama Kipkelion kilibeba jina hilo kwa miaka mingi. Sheria ya 1934 iliwaita viongozi wa Watalai malaiboni, neno lenye asili ya Kimaasai, ilhali Wakipsigis wana neno lao, orkoiyot. Chanzo kisichojua jina la mtu kinachomhukumu hakina budi kutiliwa shaka katika mengine kinayoyasema juu yake.

Sarufi nayo huficha mengi. Mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili humpa mwandishi uwezo wa kugawa lawama kwa silabi moja. Linganisha sentensi hizi: Wakipsigis walihama; Wakipsigis walihamishwa; serikali iliwahamisha Wakipsigis. Katika ya kwanza waathiriwa ndio watenda, na tukio linakuwa la hiari. Katika ya pili kuna mkono uliotenda lakini mwenye mkono hatajwi. Katika ya tatu mtenda ametajwa. Vivyo hivyo, kusema kwamba ardhi ilipotea ni tofauti na kusema kwamba ilitwaliwa. Mfasiri wa ripoti, mtangazaji wa redio na mwandishi wa kitabu cha historia huchagua baina ya kauli hizi kila siku, na uchaguzi huo huwafikia wasomaji kama ukweli mtupu.

Itibari hujengwa pia na majina ya kibiashara. Arthur Brooke alifungua duka lake la chai jijini Manchester mwaka 1869 na kuliita Brooke Bond. Hakukuwa na mshirika aliyeitwa Bond. Neno hilo la Kiingereza, lenye maana ya dhamana au ahadi, lilipachikwa kwa kuwa lilivuma vizuri na kumpa mnunuzi hisia ya kuahidiwa. Jina likawa mtu, na mtu huyo asiyekuwapo akaaminiwa na mamilioni ya wanywaji chai. Huko Kericho jina Brooke limebaki likiwa la kituo cha biashara kando ya barabara, ingawa umiliki umebadilika mara kadhaa. Unilever iliinunua Brooke Bond mwaka 1984. Mwaka 2022 iliuza biashara yake ya chai kwa CVC Capital Partners. Na mwaka 2024 mashamba ya Kenya yakauzwa kwa Browns Investments ya Sri Lanka, kampuni ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imenunua mashamba ya James Finlay. Mnywaji aliyeko London huona jina lile lile kwenye pakiti na kuendelea kuamini. Mlalamikaji aliyeko Bomet huona kwamba kila anapokaribia kumshika mwenye dhamana, dhamana imekwisha kuhamia kwa mwingine.

Picha: Usione Vyaelea, Vimeundwa

Picha hushawishi kwa nguvu kwa sababu haionekani kuwa inashawishi. Mwanasimiotiki wa Kifaransa Roland Barthes, katika insha yake ya mwaka 1964 kuhusu balagha ya picha, alichambua tangazo la tambi na vikolezo na kuonyesha kwamba picha ina tabaka tatu: maneno yanayoandamana nayo, vitu vinavyoonekana waziwazi, na maana za kitamaduni ambazo vitu hivyo huamsha. Tabaka la pili hulifanya la tatu lionekane la kawaida. Mtazamaji huona nyanya mbichi na kusadiki kwamba anaona Italia yenyewe.

Uchambuzi huu unaifaa barabara picha iliyozoeleka ya chai ya Kericho: vilima vya kijani vilivyosawazishwa kama zulia, ukungu wa asubuhi, na mwanamke mwenye kikapu mgongoni akichuna majani mawili na chipukizi huku akitabasamu. Kwa upande wa hoja, picha inatoa ushahidi kwamba chai huchunwa kwa mkono na kwa uangalifu. Kwa upande wa hisia, inaleta utulivu na usafi. Kwa upande wa itibari, tabasamu la mwanamke ni ushuhuda usiotamkwa kwamba ameridhika. Lakini hakuna picha isiyokuwa na mipaka. Katika hii haumo mzani wa kupimia majani, hayumo nyapara, hazimo kambi za wafanyakazi, na zaidi ya yote hayumo aliyeishi pale kabla ya mche wa kwanza kupandwa. Ule usawa wa zulia unamwambia mtazamaji kwamba nchi hii ilikuwa hivi tangu kuumbwa. Ngao ya taifa la Kenya yenyewe inayo chai miongoni mwa mazao yaliyochorwa chini ya mlima, na kwa njia hiyo zao lililoletwa na wageni limekuwa alama ya uzalendo.

Pembeni mwa pakiti huweza kuwepo alama ndogo ya chura wa kijani, nembo ya shirika la Rainforest Alliance. Mashamba ya Unilever huko Kericho yalipata ithibati ya shirika hilo mwaka 2007. Nembo ya aina hii ni itibari iliyogeuzwa kuwa mchoro: mnunuzi hahitaji kusoma ripoti, kwa kuwa chura amesoma kwa niaba yake. Mnamo Februari 2023 BBC ilitangaza filamu ya uchunguzi kupitia vipindi vya Panorama na Africa Eye, ambamo zaidi ya wanawake 70 walieleza kwamba walinyanyaswa kingono na wasimamizi wao katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Kampuni zilizohusika zilitangaza hatua dhidi ya wasimamizi waliotajwa. Filamu ile iligongana moja kwa moja na tabasamu la pakiti.

Filamu hiyo nayo inastahili kusomwa kwa vipimo vile vile. Mwandishi aliyejifanya mtafuta kazi alitumia jina la kupanga na kamera iliyofichwa. Picha za kamera ya siri hutikisika, huwa na giza na hukatika, na kasoro hizo ndizo zinazozipa itibari, kwa kuwa mtazamaji huamini kwamba kilichofichwa ni cha kweli. Mtengenezaji wa uongo anaweza kuitumia imani hiyo vilevile. Kilichoipa filamu ile uzito ni kulingana kwa vyanzo: shuhuda nyingi za wanawake zilizofanana, kanda zilizoonyesha tabia iliyoelezwa katika shuhuda hizo, na nafasi iliyotolewa kwa kampuni kujibu. Hoja, hisia na itibari zilishikana mikono, na hakuna iliyoachwa kufanya kazi ya mwenzake.

Maneno yaliyo chini ya picha hufanya kazi ya nanga, kama Barthes alivyoeleza: huizuia picha isielee kati ya maana nyingi. Mwezi Mei 2023 mashine za kuchuna majani chai zilichomwa moto katika ghasia zilizozuka kwenye mashamba ya Kericho na Bomet. Chukua picha ya mashine inayoteketea. Iandikiwe chini yake kwamba wahalifu wameharibu mali, na moshi unakuwa wa uhalifu. Iandikiwe kwamba wafanyakazi wanapinga kunyang'anywa riziki, na moshi ule ule unakuwa wa kukata tamaa. Kauli zote mbili zinaweza kuwa na ukweli ndani yake. Mwenye kuisoma moja tu amekwisha kuamuliwa la kufikiri.

Kuvipima Vyanzo Pamoja

Kutokana na mifano iliyotangulia, inawezekana kupendekeza utaratibu wa kusoma ambao unaweza kutumiwa darasani na nje yake. Kwanza, msomaji aitafute hoja na kulitamka dai lililofichwa. Pili, kila takwimu iulizwe inahesabu nini, na kwa kipimo gani. Tatu, hisia iliyoamshwa ipimwe kama inalingana na tukio, na kama inaelekeza kwenye tendo lenye maana. Nne, itafutwe ngoma inavutwa upande gani: nani amesema, kwa faida ya nani, na amewaitaje anaowasema. Tano, kwa picha, iulizwe ni nini kilichoachwa nje ya mipaka yake na ni nani aliyeiandikia maelezo.

Ni muhimu kusisitiza kwamba utaratibu huu haukusudiwi kuzaa msomaji asiyeamini lolote. Kutilia shaka kila kitu kwa kiwango kimoja ni uvivu unaovaa joho la usomi, na humsaidia mwenye nguvu, kwa sababu mwenye nguvu hahitaji kuaminiwa ili abaki na alichonacho. Anayehitaji kuaminiwa ni yule mzee asiye na hati, na yule mama aliyesimulia jambo ambalo mila na aibu vilimtaka alinyamazie. Kupima vyanzo kwa haki ni kumpa kila shahidi mtihani ule ule, kisha kuwa tayari kuyakubali matokeo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hoja, hisia na itibari si mapambo ya hotuba tu, bali ni njia ambazo kwazo ardhi humilikiwa, kazi hutetewa na dhuluma hutambuliwa au kusahauliwa. Hati ya miaka 999 ilishawishi kwa sura yake rasmi, huku dai lake kuu likiwa limefichwa. Ushuhuda wa wazee ulidharauliwa kwa madai kwamba ni hisia, ilhali ulibeba kalenda ya marika. Jina la mtu asiyekuwapo lilipata itibari ambayo walioishi vilimani hawakupewa. Tabasamu la pakiti liliziba masikio ya wanunuzi kwa miaka mingi.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu wa pekee katika suala hili. Katika kambi za mashamba ya chai, ambako hukutana Wakipsigis, Wakisii, Wajaluo na Waluhya, Kiswahili ndicho lugha ambayo malalamiko husemwa, amri hutolewa na mikutano huendeshwa. Ushuhuda mwingi kuhusu nchi ya chai umesemwa kwanza kwa Kipsigis au Kiswahili, kisha ukasomwa na mahakama na mashirika ya ng'ambo kwa Kiingereza. Katika safari hiyo, walihamishwa inaweza kugeuka walihama, na radhi ikageuka huzuni. Anayezijua silabi hizo uzito wake, na akazilinda anapofasiri au kufundisha, anailinda haki ya aliyezitamka.